Mpe Mgeni Jembe, Lakini Kwanza Mweleze

Katika baraza moja ya washairi, siku si nyingi zilizopita, nilimsikia mwenzetu mmoja, mtu wa kalamu na mwenye haki ya kusikilizwa, akisema kwamba kuandika maelezo ya zana ni kazi ya makarani. Mshairi, alisema, kazi yake ni kufumba. Anayefumbua ni msomaji. Waliokuwapo walicheka kwa kuridhia, na mimi, nakiri, nilinyamaza. Makala haya ni malipo ya ukimya ule. Nataka kusema, kwa heshima lakini bila ya kumung'unya maneno, kwamba mwenzetu alikosea, na kwamba kosa lake limekwisha kuanza kuwagharimu watu ambao hawajapata kukaa katika baraza zetu wala hawatakaa.

Zana ninazozikusudia hapa si jembe wala shoka, japokuwa kwenye jembe nitarudi. Nakusudia zana wanazopewa mawakala wa akili mnemba, au akili bandia kama wengine wapendavyo kuiita. Wakala ni programu inayopokea ombi la mtu kwa lugha ya kawaida, ikachagua yenyewe katika orodha ya zana ilizopewa, ikajaza yanayohitajika, ikaitumia zana ile, ikasoma jibu lililorudi, kisha ikashika hatua inayofuata. Zana moja huangalia bei ya sokoni, nyingine huagiza gari, nyingine hulipa fedha kwa simu. Mlango huu ulianza kufunguliwa kwa upana mwaka 2023. Na mwezi wa Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ili zana iliyoelezwa mara moja iweze kutumiwa na mawakala wengi. Tangu hapo kazi hii imetoka katika maabara za wachache ikaingia mitaani, na kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiandika zana na kumkabidhi wakala.

Sasa msomaji ashike jambo moja, maana ndilo nguzo ya hoja nzima. Wakala haoni zana. Hawezi kuishika, kuigeuza, kuyajaribu makali yake kwa kidole, wala kumtazama jirani anavyoitumia. Anachokiona ni jina la zana na maneno yaliyoandikwa chini ya jina lile. Kwa upande wake, maneno hayo ndiyo zana yenyewe. Yakiwa bayana atafanya kazi nzuri. Yakiwa na kiza atakisia. Na akikisia, hatakisia kwa kunong'ona kama mwanafunzi aliyekosa jibu. Atakisia kwa kutenda.

Hayo nimejifunza Kiwangwa. Kwa msomaji wa visiwani asiyepafahamu: ukivuka bahari ukafika Bagamoyo, ukashika barabara iendayo Msata, utaiacha minazi nyuma yako na kuingia nchi ya mananasi. Kiwangwa ni kata katika wilaya hiyo ya Bagamoyo, chini ya Halmashauri ya Chalinze, na nanasi lake linajulikana hata kwa wale wasioweza kupaonyesha mahali penyewe katika ramani. Nanasi halina mchezo na wakati. Mche huchukua zaidi ya mwaka kabla ya kuzaa, na tunda likishakatwa haliongezi utamu tena. Ukilikata mapema umemdhulumu mlaji. Ukilichelewesha baada ya kuiva umejidhulumu mwenyewe. Kwa hiyo siku na saa ya gari kufika shambani ni nusu ya biashara yote.

Nilikuwa huko kwa shemeji yangu, mkulima, wakati yeye na wenzake wachache walipokuwa wakimjaribu wakala wa aina hii katika simu, walioletewa na vijana fulani kutoka mjini. Shemeji alimwambia wakala, kwa Kiswahili chake cha siku zote: "Niitie gari Jumamosi, saa mbili asubuhi." Wakala akajibu kwa adabu kwamba gari limekwisha kuagizwa. Gari likafika saa nane usiku.

Matunda yalikuwa bado yamo shambani, wakataji wamelala, na dereva kanuna. Kulipokucha dereva alikuwa amekwisha kuondoka, na nauli ya safari ile tupu ikabaki inadaiwa. "Shemeji," aliniambia, "mimi nilisema asubuhi. Kwani asubuhi ya mashine inaanza saa ngapi?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwamo ndani ya maandishi ya zana, au, kwa usahihi zaidi, halikuwamo. Kijana mmoja alipotufungulia tuyasome, tulikuta maneno haya na hakuna mengine: "Agiza gari. Ingiza siku. Ingiza saa." Basi. Wakala akaichukua mbili aliyoisikia, akaiingiza mbili, na zana ikaihesabu tangu usiku wa manane, kama zihesabuvyo kompyuta zote. Hata lile neno "asubuhi" halikumwokoa, kwani Mwingereza naye huita saa mbili za asubuhi wakati ambao sisi tumo katika usingizi mzito.

Nani aliyekosa? Vijana wa mjini walikuwa na jibu tayari: Kiswahili. Lugha hii, walisema, inahesabu saa kinyume cha ulimwengu. Mashine haiwezi kuifuata. Bora mkulima ajifunze kusema saa kwa Kiingereza. Nimelisikia shauri hili likitolewa kwa namna nyingi na watu wengi, na kila mara hutolewa kwa sauti ya huruma, kama daktari anayemwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni wa kurithi. Ni dhuluma. Saa ya Kiswahili haina kombo hata chembe. Inahesabu tangu jua kuchomoza na tangu jua kuchwa, katika nchi ambayo jua lenyewe halibadili mwendo wake sana mwaka mzima. Tofauti yake na saa ya kompyuta ni sita, leo sita, kesho sita. Mtoto wa darasa la kwanza huimudu. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika sentensi tatu.

Nami nitaziandika hapa, ili nisiambiwe kwamba ninalaumu bila ya kutenda. "Saa iandikwe kwa hesabu ya saa 24 kuanzia usiku wa manane; msemaji wa Kiswahili huhesabu tangu kuchomoza na tangu kuchwa kwa jua, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa nane usiku ni 02:00. Ikiwa msemaji ametaja saa bila ya kusema ni asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize. Msomee saa uliyoielewa, na usiagize gari mpaka akubali." Pima maneno haya kwa upande mmoja, na nauli ya gari tupu kwa upande wa pili, kisha uniambie ni lipi lililokuwa ghali.

Kisa cha saa ni chepesi kwa sababu kosa lake linaonekana mara moja. Yapo mengine yanayojificha. Muulize Mzanzibari maulidi ya usiku wa Jumatatu yatasomwa lini, naye atakwambia, bila ya kufikiri, usiku ule unaotangulia Jumatatu, kwani kwetu usiku huja mbele ya mchana wake. Mtu wa bara akisema "Jumatatu usiku" anakusudia usiku unaofuata mchana ule. Hapana aliyekosea kati yao. Lakini zana iliyoandikiwa "Ingiza siku" itawafikisha wageni wa mmoja wao nyumba ikiwa tupu. Mkulima wa Kiwangwa, kama wakulima wengi wa Tanzania, akisema "heka" anakusudia ekari. Anayeisoma heka kuwa hekta amelikuza shamba mara mbili na nusu kwa herufi moja, na mbolea atakayoiagiza itakuwa mara mbili na nusu, na deni vilevile. Mtu akisema "elfu mia tatu na hamsini", je, ni 300,050 au ni 350,000? Sisi tukiwa dukani huujua ukweli kwa kuitazama bidhaa. Zana ya kulipia fedha haitazami bidhaa. Na huyu anayesema "nataka kukodisha gari", analo gari analitafutia mteja, au hana gari anatafuta la kukodi? Wanasarufi wameshatuambia jibu sahihi, lakini watu hawasemi kwa idhini ya wanasarufi, na mwandishi wa maelezo lazima amwandalie wakala yale ambayo watu husema kweli.

Wapo watakaoyachukua mifano hii kuwa ushahidi kwamba lugha yetu ina utata. Kila lugha ina utata wa namna hii. Waamerika na Waingereza wanaandika tarehe kwa kupishana, huyu akitanguliza mwezi na yule siku, na hapana anayesema kwamba kwa sababu hiyo Kiingereza hakifai kwa kompyuta. Wamekaa wakaandika kanuni, wakaendelea na kazi. Tena lugha yetu ina zana za bayana ambazo nyingine hazina. Shina moja la kuuza hutupa kuuzia, kuuzwa, kuuziwa na kuuziana, na kila kiambishi kinaeleza nani katoa na nani kapokea. Mwandishi anayejua kutumia kauli hizi anaweza kueleza katika neno moja jambo ambalo mwenziwe atalitafutia sentensi. Tunacho kisu kikali. Tumekiacha alani mwake, kisha tunalalamika kwamba nyama ni ngumu.

Basi maelezo mazuri ya zana ni yapi? Nimesoma kidogo, nimeuliza, na nimewatazama wale vijana wakiandika upya. Nayo niliyoyaona yanaingia katika mambo manne ambayo mtu yeyote wa lugha atayatambua.

La kwanza ni jina. Jina liseme tendo, na lisiwe na pacha. Mtu wa pwani akiagiza mbuzi, muuzaji humtazama usoni ajue anataka wa kuchinja au wa kukunia nazi. Wakala hana uso wa kuutazama. Zana mbili zikiitwa "bei" na "bei za bidhaa", wakala atachukua moja kama mtu anayechukua kandambili gizani msikitini.

La pili ni mpaka. Ni muhimu kusema zana inafanya nini, lakini mara nyingi ni muhimu zaidi kusema haifanyi nini, na wapi inapokwisha ili nyingine ianze. Nanasi lina bei ya shambani na bei ya sokoni, na kati ya bei mbili hizo yamo maisha ya dalali, ya mwenye gari na ya mpakiaji. Zana inayojua bei ya sokoni tu, na isiyosema kwamba ni ya sokoni tu, itamfanya mkulima aamini kwamba mnunuzi aliyesimama shambani kwake ni mwizi, au itamfanya mnunuzi amwibie kweli.

La tatu ni kipimo. Bei ya nini? Ya tunda moja, ya kilo, ya fungu, au ya gari zima? Nanasi huuzwa kwa kuhesabiwa na kwa ukubwa kabla ya kuuzwa kwa mizani, na namba isiyokuwa na kipimo chake ni kelele tu. Wazee wetu walikuwa na kibaba na pishi, na kila mmoja alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Hawakumpa mtu "nne" wakamwachia akisie ni nne ya nini.

La nne, ambalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote, ni kushindwa. Zana isipokuwa na jibu, inarudisha nini? Ile zana ya bei aliyokuwa nayo shemeji yangu, ikikuta soko halikuandikwa siku ile, ilikuwa ikirudisha sifuri. Wakala akiisoma sifuri ile, angewezaje kujua kwamba maana yake ni "sijui"? Angemwambia mkulima kwamba nanasi halina bei leo, na mkulima mwenye mkopo angeweza kuuza kwa hofu kwa yeyote atakayepita. Kati ya sifuri na sijui kuna umbali mkubwa, na ni maneno tu yanayoweza kuupima.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Waundaji wa mashine hizi wenyewe, kampuni ya Anthropic mmojawapo, wanawaambia waandishi wa zana katika miongozo yao kwamba maelezo ya kina ndiyo jambo lenye uzito kuliko yote katika kuifanya zana itumike vyema, na kwamba zana ielezwe kwa sentensi kadhaa, si kwa neno moja la juu juu. Kwa maneno mengine, katika biashara ambayo tulidhani ni ya wahandisi watupu, mahali panapoamua mambo pamewekewa mtu wa kalamu. Na mahali hapo kwetu pametupu, kwa sababu sisi tumesema ni kazi ya makarani.

Narudi basi kwa mwenzetu wa barazani. Alijitetea kwa methali ile maarufu: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali ni ya kweli mahali pake, lakini ina sharti ambalo haikulitaja kwa kuwa kila mtu alilijua: mfumbaji na mfumbiwa wawe wa mji mmoja. Tunategeana kitendawili cha nyumba isiyokuwa na mlango kwa sababu sote tumekwisha kula yai. Wakala ni mwerevu, hilo silibishi. Amesoma zaidi ya maulamaa wote wa pwani wakiwekwa pamoja, na yamkini amesoma pia kwamba Waswahili huhesabu saa kwa namna yao. Lakini hakupata kuamka Kiwangwa, na hajui zana iliyoko mbele yake inataka hesabu ipi. Werevu hauzibi pengo la habari ambayo haikuandikwa popote. Kitendawili huonyesha sifa na kuficha jina. Maelezo ya zana hutaja jina, na yanadaiwa kuzionyesha sifa zote. Ni sanaa moja iliyogeuzwa, na anayejua vyema kuficha ndiye anayetarajiwa kujua hasa ni kitu gani kikifichwa hapatakuwa na maana.

Na nani kawaambia washairi wetu kwamba bayana si mila yao? Ahmad bin Majid, nahodha na mwanazuoni wa karne ya 15 ambaye Waarabu wa Omani na watu wa pwani hii wanajivunia jina lake, aliandika miongozo yake mingi ya bahari kwa tungo za Kiarabu. Nyota, majira ya pepo, njia ya kushika pwani ya Sofala: yote aliyaweka katika vina, kwa sababu nahodha aliyemo baharini usiku hana mtu wa kumuuliza na lazima maneno yamkae kifuani bila ya utata. Beti lililofumba mahali pa mwamba lingezamisha watu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwandikia bintiye utendi wa wasia. Alijua kwamba binti atayasoma maneno yale siku ambayo mama hatakuwapo kuyafafanua, kwa hiyo akasema nini kifanywe, kwa nani, na kwa namna gani. Hapana hata mmoja wetu anayethubutu kumwita Mwana Kupona karani.

Bagamoyo yenyewe ilimtoa bingwa wa kazi hii. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ile ya Bagamoyo, alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten, kikachapishwa Göttingen mwaka 1903. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa Wajerumani ambao wengi wao hawakupata kuiona pwani hii. Ilimbidi aeleze harusi, safari na matanga kwa watu wasioweza kutoka nje wakaangalia. Asingeweza kuandika "harusi: hufanywa" akaendelea na ukurasa unaofuata. Kitabu kile kinasomwa hadi leo, na watu wake wote wamekwisha kufa, kwa sababu mwandishi hakumwachia msomaji kazi ya kukisia. Kutoka alikozaliwa bwana huyu hadi Kiwangwa ni mwendo mfupi wa gari. Ni aibu kwamba miaka zaidi ya mia moja baadaye, katika wilaya ile ile, mkulima aletewe zana iliyoelezwa kwa maneno sita.

Nimekwisha kusikia vipingamizi, na nitavijibu kwa ufupi. Wanasema mashine zinazidi kupata akili kila mwaka, na kesho hazitahitaji maelezo. Nimekwisha kujibu: hakuna akili inayoweza kujua bila ya kuambiwa kama bei fulani ni ya shambani au ya sokoni. Wanasema maelezo marefu ni mzigo, kwa kuwa wakala huyasoma kila mara na kila neno lina gharama yake. Hapo wana haki nusu. Zana zikiwa nyingi na maelezo yakiwa ya maporojo, wakala huchanganyikiwa. Lakini ni nani mwenye kulijua hili kuliko mtunzi wa shairi, ambaye maisha yake yote amekuwa akipakia maana katika mizani minane bila ya kuimwaga? Ufupi ni wetu. Tunachokataa ni ukata unaojiita ufupi.

Wanasema, na hiki ndicho kipingamizi chenye uzito, kwamba maelezo yaandikwe kwa Kiingereza kwa kuwa mashine zimefundishwa kwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili. Ni kweli kwamba zimefundishwa hivyo, na sitapigana na mtu atakayeyaandika maelezo kwa Kiingereza ikiwa yatamfaa mkulima. Lakini ombi linafika kwa Kiswahili, na ujuzi wa heka, wa usiku wa Jumatatu na wa saa mbili asubuhi umo katika Kiswahili. Anayeandika kwa Kiingereza bila ya kuujua ujuzi huo ataandika tena "Ingiza saa", kwa lugha nyingine. Ama kile Kiswahili kichache cha kufundishia mashine, kitazidi vipi ikiwa sisi wenyewe hatuandiki?

Kuna ubaya mwingine ambao washairi wataujua harufu yake. Kwa kuwa wakala huchagua zana kwa maneno, wameanza kujitokeza wanaoziandikia zana zao majigambo: hii ndiyo bora kuliko zote, itumie daima, usitumie nyingine. Wabaya zaidi huficha ndani ya maelezo amri za kumpoteza wakala au kumwibia mwenye simu. Sisi tumelelewa katika lugha ya sifa na kejeli. Tunaweza kuisikia kasida iliyojivika kanzu ya maelezo tangu mstari wa kwanza. Kazi ya kuyapitia maneno haya na kuyakataa nayo inahitaji masikio kama yetu.

Nilipoyasema haya kwa shemeji, alicheka akanitaka niandike ubeti, kama mimi ni mshairi kweli, ambao zana ya bei ingejieleza kwa kinywa chake. Niliuandika pale pale, juu ya mfuko wa mbolea. Si ubeti wa kushindania, lakini una jina la inachotaka, mpaka, kipimo na kushindwa:

Nipe jina la sokoni, na tarehe nitambue,
Bei ya tunda shambani, kwangu usiichukue,
Ya moja, si ya mizani, kwa shilingi, uijue,
Nikikosa, abadani, uwongo usiuzue.

Vijana wa mjini hawakuuingiza ubeti katika programu, na walikuwa na haki. Waliuandika kwa nathari. Lakini waliufuata neno kwa neno, na zana ile sasa, isipokuwa na bei, husema "haijulikani".

Kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tunasoma mashairi ya kuisifu lugha, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Nashauri mwaka mmoja tuzipunguze sifa. BAKIZA iliyotupa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na BAKITA upande wa pili wa bahari, zina watu ambao umri wao wote wameutumia kueleza kitu kwa mtu asiyekiona. Hao wakalishwe meza moja na vijana wanaounda zana, wakulima, wavuvi na wenye magari wakiwapo. Kila maelezo yasomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajapata kuiona zana ile, naye aambiwe aseme atafanya nini. Akisita, sentensi irudishwe kwa mwandishi. Na jarida kama hili, linalopokea tenzi na tahakiki, lipokee pia maelezo mazuri ya zana na kuyahakiki kwa ukali ule ule.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: ndivyo tulivyofundishwa. Lakini wazee waliosema hivyo walikuwa wamemkalisha mgeni siku mbili nzima, wakamwonyesha mpaka wa shamba, jirani mkali, na miche ya kupalilia na ya kuacha. Mgeni huyu wa leo tunampa jembe pale anapobisha hodi, na kila asubuhi huja upya, mara nyingi hakumbuki ya jana. Siku zake mbili zimo katika maneno tutakayomwandikia juu ya mpini. Mananasi ya shemeji yangu yatakatwa kwa maneno hayo. Nami nawauliza wenzangu wa baraza, na hasa yule aliyetuchekesha siku ile: tumwachie nani ayaandike?